Ndege Ipi Ifaayo kwa Safari za Mwanza?



Wako wenzetu ambao, pamoja na kulima karafuu, huenda Mwanza mara kwa mara kununua dagaa, wakakaa siku mbili tatu na kurudi. Wameuliza: katika makampuni ya ndege yashindanayo, lipi lifaalo? Tunajibu hivi.

Kwanza, nauli si gharama yote. Tuseme kampuni moja ina nauli pungufu kwa shilingi 40,000. Lakini ndege yake hufika usiku, nawe walipa 50,000 za kulala na kula; tena mzigo hulipiwa mbali, 30,000. Ile rahisi imekwisha kuwa ghali kwa shilingi 40,000. Piga hesabu tangu kutoka nyumbani hata kurejea, ndipo ulinganishe.

Pili, tazama safari ya kurudi. Karafuu hazingoji: hazina budi kuchumwa kabla ua halijafunuka, kwani likifunuka daraja hushuka na bei pia. Mwenye shamba akikwama Mwanza siku mbili wakati wa mavuno, hasara yake yaweza kupita nauli. Kwa hiyo, msimu ukifika, chagua kampuni yenye safari nyingi. Ya asubuhi ikivunjika, ipo ya jioni. Uliza pia sharti la kubadili siku kabla hujalipa.

Tatu, usijifunge kwa kampuni moja. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Baadaye ikaja Precision Air. Novemba 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli za chini sana, na abiria wakaikimbilia. Disemba 2018 ikasimama. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nauli nafuu tuifaidi ikiwapo, lakini tusilipie safari za miezi mingi mbele, wala tusikusanye pointi za zawadi kama kwamba ni akiba ya benki.

Mwisho, tusiwalaumu marubani wanapongoja hali ya hewa. Ziwa Victoria huleta mvua na dhoruba za ghafula. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19. Kuchelewa kwa sababu ya dhoruba si kasoro ya kampuni. Afadhali kuacha siku moja ya ziada katika mpango wa safari, na wachumaji wakaachiwa msimamizi mwaminifu shambani.