Klachi Inapolia: Namna ya Kuisikiliza Pikipiki Kuukuu

Wengi wetu tuliletwa shuleni kwa pikipiki siku ya kufungua shule, sanduku likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini pikipiki kuukuu ikisimama huku inanguruma husikika kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya debe? Ukiuliza gereji nyingi utajibiwa kwa mkato: "Injini imeisha hiyo." Mimi nasema, hebu tungoje kwanza.

Pikipiki ninayoijua vyema ni ya baba mdogo, Honda CG 125. Aina hii ilianza kuundwa mwaka wa 1976, na ilikusudiwa nchi ambazo barabara ni mbovu na mafundi wako mbali. Kila alfajiri baba mdogo huibebesha mitungi ya maziwa huko kwetu Nyandarua, na karo yangu hutoka humo humo. Mwaka jana ilipoanza kelele, fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, alisikiliza kidogo tu akasema beringi za krenki zimekufa. Alitaka shilingi 9,000 na pikipiki ilale kwake wiki nzima. Wiki bila kubeba maziwa! Hapo ndipo baba mdogo aliponiambia, "Haya wewe msomi, chukua bisibisi tuone."

Kwanza tuelewe klachi ni nini. Ni kiungo baina ya injini na gia. Katika CG hukaa upande wa kulia, nyuma ya kifuniko kikubwa, nayo huogelea ndani ya oili. Kuna chombo kama bakuli lenye mianya ukingoni. Mafundi hukiita hauzingi. (Walimu wanisamehe. Ukienda duka la spea ukaomba bakuli la klachi utaelekezwa kwa wauza sufuria.) Hauzingi huzungushwa na krenki muda wote injini inapowaka. Ndani yake mna pleti za aina mbili zinazopishana. Zile zenye utando wa kushika zina masikio yanayoingia katika mianya ya hauzingi, na zile za chuma tupu hushika kitovu cha katikati, ambacho kimeungana na shafti ya gia. Springi huzibana zote pamoja zizunguke kama kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi, kebo husukuma kijiti, kijiti husukuma beringi ndogo, springi hulegea, pleti huachana, na gia huachwa huru.

Sasa msomaji, ukishaelewa hayo, mkono wa klachi umegeuka kuwa kipimo chako, na haukugharimu hata senti. Weka pikipiki nyutro, washa injini, iache ipate moto. Fanya hivyo nje, si ndani ya banda, maana moshi wake huua. Sikiliza. Kisha vuta klachi polepole, usikilize tena.

Kelele ikibaki vile vile, klachi haina hatia kubwa. Tafuta kwingine: tapeti, pistoni, au hizo beringi za krenki. Krenki haijali kama umevuta klachi au hukuvuta; yenyewe huzunguka tu. Kelele ikiwa haikuwepo ila ikazuka ulipovuta, mshuku ile beringi ndogo ya kusukumia, kwani ndipo tu inapobeba mzigo. Na kelele ikiwepo kisha ikanyamaza ulipovuta, basi ni pleti na hauzingi, au beringi ya shafti ya gia. Namna ya kuzitenganisha hizo mbili ni kuongeza moto kidogo. Mlio wa hauzingi ni wa kugongagonga ovyo, na aghalabu hupungua injini ikienda mbio. Beringi huvuma, na uvumi wake huzidi kadiri unavyoongeza moto.

Yetu iligonga "kata-kata-kata", ikavutwa klachi, kimya! Ikaachiliwa, kata-kata-kata. Tulirudia mara kumi hivi kwa kuona raha. Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha kulia na mpini wake sikioni. Mgongo ule ulisikika kama mtu anabisha hodi. Kwa ajili ya uhakika tulitazama pia kiasi cha oili na tukapandisha mwendo wa injini kidogo, kwa sababu injini ikizunguka polepole mno hata klachi nzima hulia. Kelele ilipungua lakini haikuisha.

Tuliingojea ipoe, tukamwaga oili, tukatoa kiki na kebo, halafu bolti za kifuniko. Bolti hizo hazilingani urefu, kwa hivyo nilizichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpango wake. Springi zilipotoka na pleti zikafuata, ugonjwa ulionekana kwa macho. Kingo za mianya ya hauzingi zilikuwa zimeliwa na masikio ya pleti, mashimo ambayo ukucha wangu ulizama ndani. Tena, baina ya hauzingi na gia yake kuna springi fupi za kumeza mishtuko ya injini. Nilishika gia kwa mkono mmoja na hauzingi kwa mwingine nikazungusha: zilicheza tu, springi zimechoka.

Mashimo yakiwa madogo unaweza kuyalainisha kwa tupa, mradi usile chuma kingi. Haya yetu yalikuwa yamepita kiasi. Jirani mmoja alishauri tuchomelee gia na hauzingi ziwe kitu kimoja. Kelele ingeisha kweli, lakini kila mshtuko wa injini ungekwenda moja kwa moja kwenye meno ya gia! Tulinunua hauzingi nyingine pamoja na pleti zenye utando na gasketi, jumla shilingi 3,100. Pleti za chuma tulizilaza juu ya kioo cha dirisha. Hakuna iliyopinda, tukazirudisha.

Pleti mpya hulowekwa katika oili kabla ya kufungwa, la sivyo zitaungua siku ya kwanza. Bolti za springi hukazwa kidogo kidogo kwa kukingama, si moja hadi mwisho, kwani uzi wake ni mwororo nao hukatika. Kuhusu oili, tafuta ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari zina vitu vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili huishi kwa msuguano. Ukizitumia huenda ikateleza mlimani.

Mwisho ni kebo. Ncha ya mkono wa klachi iwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kusukuma. Ikikazwa mno klachi huteleza, ikilegea mno gia huingia kwa kugonga. Tulianza kazi Jumamosi baada ya maziwa ya asubuhi, na kufikia magharibi iliwaka. Baada ya siku tano tuliirekebisha kebo tena, kwa kuwa pleti mpya zilikuwa zimekaa na ulegevu ulikuwa umebadilika.