Saratani ya utumbo mpana ikifika kwenye ini

Hatua ya nne maana yake ni kwamba saratani imetoka ilikoanzia na kuota kwenye kiungo kingine. Familia nyingi zikisikia hivyo hukata tamaa palepale, na wapo wanaomrudisha mgonjwa nyumbani. Kwa saratani ya utumbo mpana na puru, uamuzi huo unaweza kuwa wa mapema mno. Katika hatua hiyohiyo wapo wagonjwa wanaopona, na kinachoamua ni swali moja: je, saratani yote inaweza kuondolewa, na mgonjwa akabaki na ini la kutosha kuishi?

Ini linatajwa kwa sababu ya njia ya damu. Damu inayotoka utumboni hukusanywa na mshipa mkubwa unaoipitisha kwanza kwenye ini kabla haijarudi moyoni. Chembe za saratani zilizobanduka husafiri humohumo, ndiyo maana ini hushambuliwa mara nyingi kuliko kiungo kingine chochote. Kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huwa haujavuka hapo, na ndipo daktari wa upasuaji anapopata nafasi.

Ini likikatwa, sehemu iliyobaki huongezeka ukubwa ndani ya wiki chache. Kwa hiyo mpasuaji haanzi kwa kuuliza ataondoa kiasi gani. Huuliza kitabaki kiasi gani. Ini lenye afya huhitaji kubakiza angalau asilimia 20 hivi ya ujazo wake. Lililochoshwa na tibakemikali ya muda mrefu, asilimia 30. Lenye makovu, asilimia 40. Kitakachobaki kikiwa kidogo, madaktari huweza kuziba tawi la mshipa linalolisha upande wenye ugonjwa, wakasubiri wiki kadhaa upande usio na ugonjwa ukue, ndipo wapasue.

Katika chumba cha upasuaji, daktari huweka kifaa cha ultrasound juu ya ini lenyewe, akitafuta vivimbe ambavyo picha za awali hazikuvionyesha. Huzungushia utepe mishipa inayoingiza damu kwenye ini, akaubana kwa takriban dakika 15, kisha akaulegeza dakika 5 ili ini lipate damu. Huendelea hivyo kwa zamu, akikata polepole na kufunga mishipa midogo ya damu na ya nyongo mmoja baada ya mwingine. Lengo ni kutoa uvimbe ukiwa umezungukwa na nyama isiyo na saratani.

Je, faida ipo? Nchini Marekani, kwa ujumla, wagonjwa 15 hivi kati ya 100 ambao saratani hii imefika viungo vya mbali huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa ini katika vituo vyenye uzoefu, idadi hufikia 40 hadi 50. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba wanaopasuliwa ni wale wenye hali nzuri zaidi tangu mwanzo. Tena, kwa zaidi ya nusu yao saratani hurudi, hasa katika miaka miwili ya mwanzo, ingawa baadhi huweza kupasuliwa tena. Ndiyo maana kuhudhuria kliniki kwa vipimo vya damu na CT skani ni sehemu ya tiba.

Hata anayeambiwa leo kwamba hapasuliki anaweza kupasulika kesho. Mwaka 2004 madaktari wa hospitali ya Paul Brousse, Ufaransa, walitoa taarifa ya wagonjwa 1,104 ambao vivimbe vyao vya ini havikuweza kuondolewa mwanzoni. Tibakemikali ilivipunguza vivimbe vya 138 kati yao hadi wakapasuliwa, na theluthi moja ya hao waliishi miaka mitano.

Lakini kisu hakimfai kila mtu. Ndugu wengi husihi uvimbe wa utumboni utolewe upesi, hata kama ulioko kwenye ini hauondoleki. Utafiti wa JCOG1007 wa Japani uliwalinganisha wagonjwa ambao saratani iliyosambaa haikuondoleka na uvimbe wa utumboni haukuwaletea dalili. Waliopasuliwa kwanza waliishi miezi 26 kwa wastani wa kati. Walioanza tibakemikali peke yake, miezi 27. Upasuaji haukuwaongezea maisha. Utumbo ukiziba, ukitoboka au ukivuja damu, hapo ni jambo jingine: upasuaji huhitajika.

Kwa hiyo, mgonjwa wako akiambiwa ana hatua ya nne, omba picha zake zionwe na daktari bingwa wa upasuaji wa ini kabla tibakemikali haijaanza. Ikiendelea muda mrefu, dawa huchosha ini, na vivimbe vidogo huweza kutoweka kwenye picha huku chembe hai zimebaki, mpasuaji asijue pa kukata. Uliza mambo matatu: saratani imefika wapi, yote inaweza kuondolewa, na kama haiwezi sasa, itapimwa tena lini. Jibu la swali la pili likiwa ni hapana, mgonjwa bado anastahili tibakemikali na nafuu ya maumivu. Jibu likiwa ni ndiyo, kuchelewa kuuliza kunaweza kumnyima miaka ya kuishi.