Milioni Moja kwa Kaya: Mpangaji Atafuga Wapi?

Mpango wa Maendeleo wa Parishi ulizinduliwa wilayani Kibuku, Februari 2022. Wakati huo serikali ilihesabu kaya 39 katika kila 100 za Uganda kuwa zinalima kwa ajili ya tumbo tu. Kila parishi, Kansanga pia, ikapangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kaya hukopeshwa milioni moja kupitia chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ni deni, si bakshishi.

Kijijini fedha hizo hununua miche ya kahawa au nguruwe. Lakini Kansanga, mpangaji wa chumba kimoja atafuga wapi? Kuku walale chini ya kitanda? Mwenzetu aliyeacha mke na shamba kijijini, mkewe na ajiunge na kikundi cha huko.