Stakabadhi na Daftari kwa Namba Moja



Wengi mmetuuliza hapa Makorora: kompyuta yatufaa nini, ikiwa karani angali anatafuta karatasi kabatini? Swali hili ni la haki. Mwanachama hupima karafuu zake, hupewa stakabadhi, akaenda zake. Nakala hutiwa jaladani, na uzito huandikwa katika programu ya hesabu. Siku ya malipo viwili hivi visipopatana, jasho la mtu hupotea.

Dawa yake ni namba moja. Nakala hupigwa picha, na picha hupewa namba ile ile iliyo katika hesabu. Karani akifungua hesabu ya mwanachama, karatasi huja pamoja nayo. Kwa tovuti ya ndani ya chama, karani wa ghala na wa ofisi husoma kitu kimoja, wala hapana kuandika mara mbili.

Jambo hili si geni. Serikali ilipoanzisha mfumo wa GePG mwaka 2017, kila ankara ilipewa namba yake ya tarakimu 12. Kwa namba hiyo, ulipe benki au kwa simu, taasisi hujua ni deni lipi limelipwa. Vyama vya ushirika vya Bara navyo vina mfumo wa MUVU, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Lakini tarakimu moja ikikosewa, karafuu zako huandikiwa mwingine. Basi twawasihi: msiondoke mizanini kabla ya kusoma jina, uzito na namba, na stakabadhi zenu msizitupe. Mali bila daftari hupotea bila habari.