Kwenda Kisangani na Mtoto wa Miaka Mitatu

Likizo kubwa ikikaribia, nyumba nyingi za Punia huwa na mazungumzo yanayofanana. Baba anataka watoto waone Kisangani. Mama anataka wafike Kindu kumsalimia shangazi. Mjomba aliye Brussels anatuma picha za watoto wake wakiwa Disneyland Paris, na kuanzia jioni hiyo hakuna anayelala kabla ya kuhesabu pesa. Nauli inajadiliwa, zawadi zinajadiliwa, nguo za sherehe zinajadiliwa. Swali ambalo sisi tunaohudumia watoto tungelitanguliza halisikiki kabisa: huyu mdogo wenu hulala mchana saa ngapi?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wadogo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13. Safari hula saa hizo kimyakimya. Mtu mzima aliyekosa usingizi husema amechoka. Mtoto wa miaka 3 hasemi hivyo. Atasukuma sahani ya sombe ambayo jana aliililia, kisha atagaragara chini kwa sababu dada yake amevaa ndara zake. Wenyeji watasema hana adabu, baba ataona aibu na kunyanyua mkono, na siku itaharibika kwa jambo ambalo mkeka na kivuli vingelimaliza.

Ndiyo maana ratiba ya safari ya watoto naipanga kuanzia mwisho wake. Kwanza naweka usingizi wa mchana, halafu chakula kwa saa zile zile za nyumbani, halafu choo. Matembezi yanapata kilichobaki. Kwa kawaida kinachobaki ni asubuhi, tangu saa 2 hadi saa 5, na kipande kifupi cha jioni jua likipungua. Asubuhi hiyo inatosha jambo moja kubwa. Ukisukumia la pili, utalifanya huku umebeba mtoto anayelia, na la kwanza nalo atalisahau.

Tuizungumzie barabara, maana kwetu barabara ni nusu ya safari. Kwa nchi kavu, kutoka Punia unavuka mto Lowa, unafika Lubutu, na kutoka Lubutu bado kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara ya taifa namba 3 ndani ya msitu mpaka Kisangani. Julai na Agosti matope hupungua, lakini hapa tuko karibu na ikweta na mvua haituachi kabisa. Waulizeni madereva na motari waliotoka huko juzi, si wa mwezi uliopita: usalama ukoje, kivuko kinafanya kazi, madaraja yamesimama? Kama njia ina wasiwasi, ahirisheni. Watoto hawataudhika mwezi ukiongezeka. Wanaoudhika ni wakubwa.

Kuhusu pikipiki nitasema wazi hata kama wengine hawatapenda. Mtoto mchanga ambaye shingo yake bado haijakaza hafai kupanda pikipiki kwa safari ndefu, amefungwa kwa kitenge au hajafungwa. Mkubwa kidogo akae katikati, kati ya motari na mzazi, asikae mbele juu ya tangi ambako usingizi ukimshika anaangukia usukani. Simameni kila baada ya saa moja hivi, ashuke, akimbie, akojoe, anywe maji. Motari atanung'unika kwamba mnamchelewesha. Patana naye bei ya siku nzima mapema, mnung'uniko utaisha.

Wako wanaofikiria mto. Kwenye ramani inavutia: unashuka Lualaba kutoka Kindu hadi Ubundu, kisha reli ya kilomita 125 inakupeleka Kisangani. Reli hiyo ilijengwa kwa sababu maporomoko ya Boyoma yanazuia boti kupita. Mwenye watoto wadogo simshauri njia hiyo, kwani treni haina ratiba ya kutegemea na huwezi kumwambia mtoto ajibane mpaka keshokutwa. Mkiamua kupanda boti ya balenieri hata kwa kipande kifupi, pandeni ya mchana ambayo haijajazwa kupita kiasi, na kila mtoto awe amevaa jaketi la kuokolea linalomtosha kifuani. La mtu mzima humchomoka mtoto akiwa majini.

Hata hivyo, kinachowachosha watoto kuliko mwendo ni kungoja. Hapa wenye bustani kubwa za burudani za Marekani na Ulaya wana ujuzi wa kutufaa, ingawa sisi hatuna mashine zao. Bustani hizo zinaishi kwa foleni: mtu analipa pesa nyingi, halafu sehemu kubwa ya siku anaipitisha amesimama kwenye mstari. Kwa hiyo kungoja kumechunguzwa sana. Mwaka 1985 David Maister aliandika makala ambayo wenye biashara bado wanaitumia. Alieleza kwamba muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli, kwamba kungoja usikojua mwisho wake kunachosha kuliko kungoja unakojua, na kwamba wasiwasi hurefusha kila dakika. Ndiyo sababu penye foleni wanaweka kibao cha dakika zilizobaki, na foleni yenyewe wanaipitisha penye vitu vya kutazama.

Sasa fikiri uwanja wa ndege wa Punia, familia imekaa juu ya mizigo, ndege inasemekana itakuja. Mtoto hajui saa, kwa hiyo ukimwambia "bado saa mbili" hujamwambia kitu. Anachokijua ni mfuatano wa mambo. Mwambie: kwanza watapima mabegi, kisha tutakula ndizi, kisha tutasikia mlio, kisha tutapanda. Kila hatua ikipita, mwonyeshe. Ukiwa hujui ndege itafika lini, usimdanganye kwamba iko karibu, mpe kazi. Ahesabu kuku wa shehena. Achague jiwe zuri. Ashike tochi. Vitu vya kuchezea visitolewe vyote asubuhi. Kimoja kibaki mfukoni mwa mama kwa saa ile ngumu, na isiwe simu, kwa sababu simu inaisha chaji wakati huo huo mnaihitaji.

Mkishafika Kisangani, siku ya kwanza msiende popote. Familia nyingi haziamini neno hili, kwa kuwa wenyeji wameshapanga mapokezi, sala ya shukrani na ziara kwa kila jamaa. Mtoto anahitaji kujua choo kiko wapi, atalala wapi, nani ni nani. Waambieni ndugu mapema kwamba salamu zitaanza siku ya pili. Bibi akisisitiza, aje yeye.

Kwa siku ya pili, chaguo langu ni Wagenia. Boyoma ni maporomoko 7 yanayofuatana kwa takriban kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na kwenye la mwisho ndipo wavuvi Wagenia wamesimika magogo makubwa katikati ya mawe. Kwenye magogo hayo wanaining'iniza mitego ya fito yenye umbo la pembe, mdomo mpana ukitazama maji yanakotoka. Maji humtupa samaki ndani, naye hawezi kurudi kwa sababu mkondo unamsukumia kwenye ncha. Eleza hivyo hivyo kwa maneno machache, mtoto wa miaka 4 ataelewa, kisha mwache atazame mwanamume anavyopanda gogo hali maji yananguruma chini yake. Nendeni asubuhi. Patana bei na wenyeji kabla ya kushuka kwenye mawe, pamoja na bei ya picha, ili majadiliano yasianze watoto wakiwa na njaa. Kila mtoto wa chini ya miaka 6 awe na mtu mzima wake wa kumshika mkono, asichangiwe na mwingine. Mawe yanateleza na mkondo ule haumrudishi mtu.

Bustani ya wanyama ya Kisangani, upande wa mto Tshopo, ni ya siku nyingine. Ni ya kawaida na miaka ya vita haikuihurumia. Anayetarajia wanyama wote wa kitabu cha picha atavunjika moyo. Lakini mtu mdogo hahesabu wanyama. Nyani mmoja anayekuna kichwa anaweza kumtosha asubuhi nzima, na akitaka kumrudia mara ya tano, mrudisheni. Kosa la wazazi ni kumvuta mkono waende kwa mnyama anayefuata, kwa sababu wamelipia wote.

Halafu kuna toleka. Kwa mtu mzima ni baiskeli ya kumfikisha sokoni. Kwa mtoto wa Punia aliyekaa mapajani mwa baba kwenye kiti chenye mto, upepo usoni na kengele inalia, hiyo ndiyo mashine ya bustani ya burudani, na inagharimu franka chache. Wekeni nafasi tupu kila jioni kwa vitu vya aina hii. Kuna mzazi aliyewahi kunieleza kwa uchungu kwamba baada ya gharama zote, binti yake alisimulia nyumbani habari ya friji ya shangazi na barafu yake tu. Sioni cha kulalamikia.

Kama fedha ni za safari moja kubwa tu katika maisha, subirini. Wengi wetu hatukumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka 3 na nusu hivi. Mtoto mdogo anafaidi safari pale pale anapoifanya, lakini kumbukumbu ya kumsimulia mjukuu itakaa vizuri akiwa na miaka 6 au 7. Hata wenye Disneyland Paris, iliyofunguliwa Aprili 1992, hawatozi kiingilio watoto wa chini ya miaka 3, na mashine zao za kasi zina kipimo cha urefu: Big Thunder Mountain ni sentimita 102, Hyperspace Mountain ni 120. Nikiulizwa na jamaa wa Ubelgiji, nawaambia wachore mistari hiyo miwili kwa chaki kwenye mlango wa nyumba kabla ya kununua tiketi. Machozi ya kupungukiwa sentimita 2 ni afadhali yamwagike sebuleni kuliko mbele ya mlinzi baada ya foleni ndefu.

Wanaokwenda Kinshasa wakumbuke saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo mtoto anayeamka Punia saa 12 asubuhi ataamka kule saa 11, giza bado, na jioni atasinzia kabla chakula hakijaiva. Msishindane naye kwa siku 2 au 3 za kwanza, pikeni mapema. Asubuhi hizo ndefu ni nzuri kwa Lola ya Bonobo, makazi ya bonobo yatima yaliyoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Mtoto mwenye mafua abaki nyumbani siku hiyo. Magonjwa yetu ya kifua huwapata bonobo nao, na kwao yanaweza kuwa makali.

Sasa homa. Mkiwa Kisangani siku ya pili, mtoto akachemka mwili, lawama huangukia maji ya mji au samaki wa shangazi. Malaria haiji haraka hivyo. Tangu mbu aume hadi homa ianze hupita siku 7 au zaidi, mara nyingi hadi 14. Homa ya siku ya pili, kama ni malaria, mmeitoa Punia. Apimwe siku hiyo hiyo, na dozi imalizwe hata akichangamka. Chandarua kisafiri nanyi, msitegemee cha wenyeji. Akiharisha, anzeni mara moja na pakiti ya SRO, ile ya kuchanganya na maji ya kunywa; msipoipata, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, bila kilima. Anyweshwe kidogo kidogo. Akitapika, mngoje dakika 10 kisha endeleeni taratibu zaidi. Machozi yakikauka, mkojo ukikosekana au akilegea, hapo ni hospitali.

Karatasi nazo zina uzito. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kadi ya chanjo, na kadi ya homa ya manjano kwa wanaovuka mpaka. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9. Anayesafiri na watoto bila mwenzake achukue barua ya ruhusa iliyosainiwa. Vipigieni picha vyote kwenye simu ya mtu wa pili.

Kurudi kupangwe siku 3 au 4 kabla shule haijafunguliwa Septemba. Siku hizo ni za kufua, kulala, na kurudisha saa za chakula. Kwa wiki 2 baada ya kurudi, homa yoyote ya mtoto ipelekwe kituo cha afya bila kungoja, na mzazi amweleze muuguzi walikolala, tarehe walizolala huko, na kama mtoto alikuwa chini ya chandarua.