Mshipa umetuna kwenye ubongo, tiba inaanzia pajani

Mwaka 2011, mwigizaji Muingereza Emilia Clarke alikuwa na miaka 24 na ndiyo kwanza amemaliza kurekodi msimu wa kwanza wa Game of Thrones. Akiwa mazoezini jijini London, kichwa kikamuuma vibaya mno. Vipimo vikaonyesha damu imevuja kwenye ubongo. Madaktari walimtibu bila kufungua fuvu.

Wanafanyaje?

Tatizo lenyewe
Ukuta wa mshipa wa damu ukidhoofika, sehemu hiyo hutuna kama puto. Hali hii inaitwa anyurizimu. Wengi wanaishi nayo bila kujua. Balaa ni pale linapopasuka: unaweza kufa au kubaki na ulemavu.

Safari ya kwenda kichwani
Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi, daktari anatoboa tundu dogo juu ya paja, wakati mwingine kwenye mkono. Anapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye ubongo, huku akiufuatilia kwa picha za eksirei.

Kupitia mrija huo anaingiza nyaya laini za platinamu ambazo zinajiviringa ndani ya puto. Damu iliyomo inaganda, na nyingine haiingii tena. Nyaya hizi zilibuniwa na daktari Muitaliano Guido Guglielmi, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa nazo Los Angeles mwaka 1990.

Je, ni bora kuliko kupasua?
Utafiti mkubwa uitwao ISAT, uliochapishwa 2002, ulilinganisha njia hizi kwa watu ambao puto lilishapasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa waliowekewa nyaya, na 30.6 kwa waliofunguliwa fuvu.

Lakini si kila puto linafaa kwa nyaya. Mwaka 2013 Clarke alitibiwa puto la pili, New York. Njia ya mrija ikashindikana, damu ikavuja, ikabidi fuvu lifunguliwe. Alipona.

Usilale nayo
Kichwa kikikuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, hasa ukiwa unatapika, shingo imekaza, macho hayaoni vizuri au umezirai, usimeze panadol ukasubiri asubuhi. Nenda hospitali muda huohuo. Puto likishapasuka linaweza kuvuja tena, na mara ya pili huwa mbaya zaidi.