Programu Mpya, Mota Kimya

Katika mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka 1992, vijana wa shule hutumia wiki nyingi kuunda mashine ambayo kila mchezo wake hauzidi dakika tatu. Hapana nafasi ya kutafuta kosa uwanjani. Hata hivyo, jasho lote hilo laweza kupotea asubuhi moja kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho: programu iliyomo ndani ya vidhibiti vya mota.

Kidhibiti hupokea amri za kompyuta ya roboti na kuipimia mota umeme wake. Watengenezaji huitoa upya programu yake mara kwa mara, nayo isipolingana na ile ya kompyuta, mota zaweza kukataa amri.

Kwa maoni yetu, kosa si kubadili programu, bali kubadili mambo mengi kwa pamoja, kisha kutojua ni lipi lililoleta madhara. Tuchukue mfano wa kidhibiti cha SPARK MAX. Kikiwa kipya huwa na namba sifuri. Viwili vyenye namba moja vikifungwa katika njia moja ya mawasiliano, amri huchanganyika. Kwa hiyo kila kimoja kipewe namba yake, peke yake, kwa waya wa USB. Na kikikatikiwa na umeme katikati ya kupokea programu, kisitupwe. Kitufe chake kibonyezwe na kushikiliwa wakati kinapounganishwa na kompyuta. Taa yake haitawaka, lakini hiyo si dalili ya kufa. Kinangoja kuandikwa upya.

Kabla ya kulaumu programu, nyaya nazo zipimwe. Roboti ikiwa imezimwa, ukinzani kati ya waya wa manjano na wa kijani hauna budi kuwa karibu omu 60, kwani kila ncha ya njia ina omu 120. Mita ikionyesha 120, ncha moja imekosekana au waya umekatika, na hakuna programu yo yote itakayouunga. Mwisho, aina ya mota ikaguliwe katika mipangilio. Mota isiyo na brashi ikiendeshwa kama yenye brashi huharibika kabisa.

Kwa wakuu wa elimu tunasema hivi: kununua roboti ni nusu ya kazi. Shule yo yote ya visiwani itakayopewa mashine hizi ipewe pia mita ya umeme, kidhibiti cha akiba na muda wa mazoezi. Walimu nao waweke daftari la kila badiliko, tarehe yake na matokeo yake.

Nahodha hukagua tanga bandarini, si mkondoni. Programu ibadilishwe mapema, ijaribiwe, kisha iachwe hivyo hivyo mpaka mashindano yamalizike.